Kushika Darasa

Daktari wa koo alipomwambia binti yangu asitoe neno mdomoni mpaka atakapomruhusu yeye, nilicheka. Nilicheka kwa sauti yangu yote, chumba kile kidogo kikajaa, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Mwalimu wa darasa la kwanza asiseme? Mwambie basi na mpishi apike bila kugusa sufuria.

"Sitanii, Mama," daktari akasema. Alikuwa kijana mpole, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. "Nyuzi zake za sauti zimeota vinundu. Akinyamaza kabisa kwa wiki kadhaa vinaweza kupungua vyenyewe. Akiendelea kupaza sauti itabidi apasuliwe, na hapo sitakuahidi kwamba sauti itarudi ilivyokuwa."

"Na akinong'ona?"

"Kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Kunakaza koo."

Kitinda alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgonjwa, mkoba mapajani. Ndiyo jina ninalomwita, kwa sababu ni mtoto wangu wa mwisho, kitinda mimba, na hata sasa alivyo mtu mzima mwenye mtoto wake hajawahi kulikataa. Alitoa simu, akaandika kitu, akanisogezea. Alikuwa ameandika: "Muulize kama naweza kufundisha polepole." Sikumuuliza. Jibu lilikuwa usoni kwa daktari, na mimi uso wa mtu naujua kuusoma.

Niseme sisi ni kina nani, nisije nikaonekana nagombana na watu bure. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya serikali. Nimeingia kazini msichana, nimetoka bibi. Darasa langu halikuwahi kuwa na watoto chini ya themanini, na miaka mingine walifurika mpaka tukawagawa kwa zamu, hawa asubuhi, wale mchana, mwalimu yule yule. Madirisha hayakuwa na vioo. Mvua ikipiga upande huu tunasogeza madawati upande ule, somo linaendelea. Watoto wanne wakipata kitabu kimoja tunashukuru. Wenzangu waliniita Kengele, kwa kuwa nikiita mtoto mmoja asimame, barabarani nako watu walisimama.

Lakini nilikuwa na ajira, na ajira ya serikali ni kama ndoa ya kanisani, kuivunja kuna kazi. Mshahara ulichelewa, ukafika. Nilipojifungua nililipwa nikiwa kitandani. Nilipovunjika mguu, wenzangu walinishikia darasa muhula mzima bila kuniuliza, huyu kipindi hiki, yule kipindi kile, nikarudi na magongo nikakuta kiti changu kinanisubiri na chaki zangu zimeibwa. Ndiyo desturi yetu. Mwenzako akianguka unashika darasa lake, na kesho ukianguka wewe atashika lako. Leo napata pensheni na nina kadi ya matibabu mpaka nife.

Kitinda anafundisha kwa masista. Si kwamba alipenda. Kila ajira za serikali zikitangazwa aliomba, na kila mara walitakiwa wachache wakajitokeza wengi kama kumbikumbi, majina yakitoka lake halimo. Masista walimchukua. Na shule yao ni nzuri, sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Sakafu unaweza kuilalia. Darasani watoto ni arobaini, kila mtoto na kitabu chake, na vyoo vina maji. Wazazi wanapanga foleni getini kuomba nafasi. Mwalimu huanza na watoto darasa la kwanza na hupanda nao mpaka la tatu, ndio utaratibu wao, kwa hiyo anawajua kama mama anavyojua wanawe.

Sasa njoo kwa huyo mwalimu mwenyewe. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, ukiisha unaandikwa mwingine, Sista Mkuu akipenda. Jumamosi ana masomo ya ziada. Jumapili ana kwaya ya watoto. Jioni anasahihisha madaftari yote arobaini, kwa sababu kwa masista daftari halilali bila kusahihishwa. Akiumwa anaombewa, na kweli wanaomba kwa moyo, lakini duka la dawa halipokei sala. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko pensheni yangu. Yaani mimi niliyekaa barazani nikichambua mchele nilikuwa namzidi yeye anayekesha na madaftari. Tulikuwa tunalichekea jambo hilo. Ananiambia, "Mama, nikikua nataka niwe mstaafu."

Kilichomshikilia pale ni mtoto wake. Mtoto wa mwalimu husoma bure kwa masista, na mjukuu wangu, ninayemwita mke mwenzangu kwa kuwa babu yake angekuwa hai angemwoa yeye akaniacha mimi, yuko darasa la nne na ana akili za kutisha. Baba wa mtoto alishajiendea, na habari zake sizitaki humu.

Sauti ya Kitinda ilianza kukwaruza askofu alipokuwa anakuja kubariki darasa la kompyuta. Alifundisha mchana kutwa na kuimbisha watoto jioni, siku baada ya siku, na askofu alipoondoka sauti nayo ikaondoka.

Siku ya pili yake kutoka kwa daktari tulikwenda ofisini kwa Sista Mkuu. Ni mwanamke mwembamba, mwenye mikono ya kulima, mdogo kwangu kama miaka kumi. Alisimama kutupokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sista."

Alimshika Kitinda mashavu yote mawili, kama mtoto, machozi yakamlengalenga. Yalikuwa machozi ya kweli. Kisha akakaa, akaeleza. Shule ingemlipa Kitinda likizo ya ugonjwa ya majuma mawili. Baada ya hapo lazima aajiriwe mwingine, kwa sababu watoto hawawezi kukaa bila mwalimu na fungu la kulipa walimu wawili kwa darasa moja halipo.

"Serikali haitupi hata boksi la chaki," alisema. "Tunachokula ni ada."

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anasikiliza kwa mdomo uliofungwa, na nikaona mdomo unataka kufunguka, nikawahi mimi.

"Hakuna haja ya mwingine," nikasema. "Mimi nipo. Yeye atasimama ubaoni, mimi nitakuwa sauti yake. Mshahara uendelee kuingia kwake. Mimi sitaki kitu."

Sista alifumba macho kidogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Mungu ni mwema, Mwalimu."

Nilitoka pale nimetuna. Nilikuwa nimefanya kile ambacho mwalimu hufanya.

Tukaanza. Kitinda anaandika ubaoni, mimi nasema. Ananyoosha kidole kwa mtoto, mimi naita jina. Akipiga kofi mara moja watoto wananyamaza, akipiga mbili wanafungua vitabu, na mimi katikati napiga domo kama mtangazaji wa mpira. Watoto walifurahi mno. Kuna aliyewaambia wazazi wake kwamba mwalimu wao amenunua mama wa kumsemea.

Na mimi nilifurahi, hilo nalisema wazi. Hamjui ni nini kwa mtu aliyefundisha watoto mia kupewa arobaini. Niliweza kuinama juu ya daftari la kila mmoja. Niliweza kumsubiri mtoto mzito wa kusoma mpaka alimalize neno, bila wengine sabini kunivunjia nyumba nyuma yangu. Chaki zilikuwa za rangi. Jioni nilirudi nyumbani sina hata koo kavu, nikawa natengeneza kadi za herufi kwa maboksi ya sabuni mpaka usingizi unikute mezani. Mwaka wote wa kustaafu nilikuwa nimekaa kama kiti cha wageni, sasa nikapata kazi tena.

Jioni moja, nikiwa nakata kadi hizo, Kitinda aliandika kitu kwenye simu akaniwekea mbele. "Mama, usifundishe vizuri sana."

Nikacheka. Naye alitabasamu, kwa hiyo nikaona ni utani kama ule wa ustaafu. Nikamwambia, "Nifundishe vibaya waseme Kengele amezeeka?" Akaichukua simu yake, akaifuta ile sentensi.

Wazazi wakaanza kunisalimu getini. Mwalimu wa taaluma, anayekagua ufundishaji wa wenzake, alikuja akakaa nyuma ya darasa kipindi kizima akiandika, na alipotoka alinipa mkono, akamwinamia kichwa Kitinda. Kisha Sista Mkuu akaja mwenyewe. Alisema haoni sababu ya kumchosha mgonjwa, kusimama ubaoni kutwa nzima na vumbi la chaki linaingia kooni. Apumzike nyumbani, darasa si liko mikononi mwa mama yake? Nami nikaona ni huruma. Nikamwambia Kitinda, pumzika mwanangu. Alinitazama kwa muda, akachukua mkoba wake, akapita katikati ya madawati akigusa vichwa vya watoto kimoja kimoja mpaka mlangoni.

Nilikuwa nimeshika darasa peke yangu.

Mwaka ulipokaribia kuisha Sista Mkuu aliniita. Safari hii hakusimama. Mbele yake palikuwa na karatasi, na niliiona tangu mlangoni kuwa ni mkataba, nikasema moyoni, huyo, ameshamwandikia Kitinda mwaka mwingine. Daktari alikuwa ametoa habari njema wiki ile ile, vinundu vimepungua, aanze kusema dakika chache asubuhi na chache jioni, na akivumilia hivyo miezi michache mingine atapona.

"Mwalimu," Sista akasema, "tungependa uendelee na watoto hawa darasa la pili."

"Mpaka Kitinda apone, ndiyo. Hilo sisi tumeshalipanga."

"Uendelee wewe. Mkataba wa mwaka mzima, kwa jina lako."

Sikuelewa, au nilielewa nikakataa kuelewa. Nikamuuliza Kitinda anapelekwa darasa gani. Sista akayashusha macho kwenye mikono yake. Mkataba wa Kitinda unakwisha na mwaka, alisema, na ofisi ya elimu ya jimbo la askofu imeagiza kwamba walimu wenye matatizo ya afya wasiandikiwe mwingine mpaka wapone. Na tena imeagiza kwamba nafasi zikipatikana wapewe kwanza walimu wastaafu wa serikali.

"Kwa nini wastaafu?"

"Wana uzoefu." Kisha akaona haya kuniachia jibu nusu. "Na wana pensheni. Wana kadi ya matibabu. Watoto wao wamekua. Mshahara wetu kwao unatosha."

Pale ndipo nilipoona nilichokifanya. Kule kwetu serikalini ukimshikia mwenzako darasa unamlindia kiti. Hakuna awezaye kumwondoa, kwa hiyo unachofanya ni kuwatunza watoto mpaka arudi. Mimi nilibeba desturi ile kama ilivyo nikaivukisha geti la masista, ambako kiti hakina mwenyewe, na kila siku niliyofundisha vizuri ilikuwa siku ya kuwaonyesha kwamba yeye si lazima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinaweza kuwa mama yako mzazi, na kadi za herufi mkononi.

Hasira ikanipanda. "Sista, mishahara hii aliipanga nani?"

"Kamati ya jimbo."

"Ina watu gani?"

"Mapadri wawili, sista mmoja wa shirika letu, na mhasibu."

"Nyinyi mmeweka nadhiri ya ufukara, mkaja kuitimiza kwa mwanangu."

Nilitaka akasirike. Mtu akikasirika unapata pa kushika. Yeye alitikisa kichwa taratibu, kukubali.

"Ni kweli, Mwalimu. Mimi sina mshahara, na sina mtoto, na usiku najiuliza kama nina haki ya kumpangia mwenye mtoto. Nimewaandikia jimbo. Wananiuliza nitatoa wapi. Nikiongeza mishahara niongeze ada, na nikiongeza ada, nusu ya watoto unaowafundisha hapa watarudi kwenye lile darasa lako la watoto mia. Nichagulie wewe, uniambie nifanye lipi?"

Katika kazi yangu yote nimegombana na wakaguzi, na waratibu, na mwalimu mkuu aliyeuza mabati ya shule, na kila mara nilijua mwenye kosa ni nani. Hapa nilimtafuta mwenye kosa chumba kizima nikamkosa. Nilikuwa namwona mwanamke mwembamba mwenye viatu vilivyoshonwa upya, na mimi.

"Nikikataa?"

"Kuna mwalimu mwingine ameomba." Akamtaja, na nilimjua. Tulikuwa naye shule moja, tulimwita Bwana Fimbo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. "Nisingependa. Lakini Januari lazima mtu asimame pale." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na mjukuu wako. Akiwa na mama mwalimu hapa anasoma bure. Akiwa na bibi mwalimu hapa, nitasema ni sawa. Akiwa hana mtu hapa, Mwalimu, sina uwezo huo."

Nikasema nitajibu kesho. Njiani nilipanga maneno ya kukataa, nikayapanga vizuri, yenye heshima na pilipili.

Kitinda alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, bila kumruka hata Bwana Fimbo. Hakugeuka. Alisuuza sahani ya mwisho, akaiegemeza, akafuta mikono. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni kumtolea simu yangu aandike, akanizuia.

"Saini, Mama," akasema.

Ilikuwa sauti nyembamba, imechubuka, kama ya mtu aliyeamshwa. Tangu daktari alipomnyamazisha sikuwa nimeisikia ila asubuhi ile akimwambia mwanawe avae soksi.

"Sisaini kitu. Waende na fungu lao huko."

"Watamweka yule wa fimbo. Na mtoto atatoka."

"Tutamlipia ada. Nina pensheni."

"Unailipia nyumba hii. Unanilipia dawa. Pensheni yako ina mikono mingapi?" Akameza mate, ikamuuma, nikaona. "Nitaomba serikalini tena."

Sote wawili tulijua kuomba serikalini ni nini. Nilitamani anitukane. Nilitamani aniambie, nilikuonya usifundishe vizuri, ukacheka. Ningeweza kulia hapo, nikaomba msamaha, tukamaliza. Alichofanya ni kuniwekea kiti, naye akakaa mbele yangu, magoti yakigusana, akaitazama saa ya ukutani kuona dakika zake za jioni zimebaki ngapi.

"Yule wa dirishani usimrudishe nyuma," akasema. "Haoni mbali. Lakini usimuulize mbele ya wenzake, atakwambia anaona. Pacha mkubwa anamfanyia mdogo hesabu, watenganishe Jumatatu tu, siku nyingine mdogo analia mpaka anatapika. Yule mfupi akinyoosha kidole mruhusu atoke hapo hapo, usimwambie subiri. Mwenye kovu mama yake amefariki, ukifika somo la familia mpe kazi ya kugawa rangi."

"Pumzika, mwanangu."

"Bado kidogo. Yule mzungumzaji, ukimgombeza anakuchukia mwezi mzima, mwekee tu mkono begani. Na yule anayekuja na..."

Sauti ikakatika. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole mbele kumaanisha kesho, kama anavyowafanyia watoto kengele ikilia somo halijaisha.

Nilijua nimwambie nini. Nimwambie aihifadhi sauti yake, asiimalizie kwa watoto ambao si wake tena, na mimi nitahangaika nao mwenyewe. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa amenipa watoto sita tu, na darasa lina arobaini, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yao Januari. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba kesho asubuhi, akiamka, aanzie hapo alipoishia.